Kile Kilima Cheusi, Papa, Njo Kitu Gani?

Ilikuwa siku ya yenga, kisha misa. Tulikuwa mu taxi-bus, mimi na mutoto wangu wa kike wa miaka 9, tunatoka ku Katuba tunaenda mu muji. Tulipofika pahali penye mutu anaona shimini kubwa na terili vizuri, mutoto aliweka kichwa ku dirisha na kuuliza:

– Papa, kile kilima cheusi, njo kitu gani?

Nilijibu kama wazazi wengi wanavyojibu wakichoka:

– Ile? Ni bulongo ya kompani.

Mutoto akanyamaza. Lakini muzee mumoja mwenye alikaa nyuma yetu akanigonga ku bega, pole pole, na kusema:

– Hapana, papa. Usimudanganye mutoto. Ile haiko bulongo. Ile njo kazi yetu. Miye nilitumika pale miaka 31. Kile kilima, shiye njo tulikimwaga.

Kisha akaanza kumueleza mutoto namna jiwe linaingia mu tanuru, namna mukuba unashuka chini na takataka inabaki juu, namna takataka ile ilimwagwa ingali moto, usiku ikaangaza kama jua lenye kuzama. Mutoto hakufumba macho. Tulipoteremuka, aliaga muzee kwa mikono mbili, jambo lenye hafanyake kwa kila mutu.

Mimi nilipata haya. Baba yangu alikuwa mutumishi. Nilizaliwa mu hospitali ya kompani, nilisoma mu masomo ya kompani, nilikula unga wa posho. Na bado mutoto wangu aliniuliza jambo moja tu, nikamupa jibu la uvivu.

Ndugu wasomaji, ni wangapi kati yetu wako sawa na mimi? Watoto wetu wanajua kama TP Mazembe ilicheza finali ya dunia ya makilabu mu mwaka 2010. Ni vizuri, na sisi tunafurahi. Lakini waulize shimini ile ilijengwa juu ya nini, ao sababu gani Kamalondo iko pale iko. Watakuangalia tu. Wanakaa juu ya mawe yenye dunia mzima inayatafuta, na historia ya mawe hayo hawajui. Hakuna haja ya kungojea mwalimu. Siku moja ya yenga, viatu, chupa ya maji, na baba ao mama mwenye kukubali kusema: vile vinatosha kwa kuanza.

ANZA NA MUSALABA

Kama mutoto angali mudogo, usianze na mashini wala na tarehe. Anza na musalaba wa mukuba, wenye Wafaransa wanaita croisette. Labda aliisha kuuona bila kujua: bendera ya Katanga ya mwaka 1960 ilikuwa na misalaba tatu, na sarafu za Katanga za mwaka 1961 zilikuwa nao vilevile. Mu Muze ya Lubumbashi, mutoto ataona vitu vya wankambo kwa macho yake.

Mwambie hivi: mbele Muzungu afike, ile njo ilikuwa franga. Mutu aliweza kulipa nayo, kuoa nayo, kufanya nayo biashara na watu wa mbali. Mu makaburi ya Sanga, pembeni ya Ziwa Kisale, watu wa sayansi walichimba mu miaka ya 1957 na 1958. Walikuta wafu wa zamani sana wamezikwa na vyungu, na vitu vya mukuba, na misalaba. Maana yake, miaka mamia mbele ya kompani ya kwanza, watu wa hapa walijua kutoa mukuba mu jiwe.

Walifanyaje? Hii njo sehemu yenye watoto wanapenda. Kisha mavuno, wakati wa jua, kijiji kilihamia ku kilima chenye mukuba. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani juu ya bulongo, yale yanaitwa malakiti. Walijenga tanuru na bulongo ya kichuguu, wakatia makala, wakatia mawe, na wanaume walivuta mivukuto ya ngozi mpaka moto ukawa mukali kabisa. Mukuba ukayeyuka, ukatiririka, wakaumwaga mu umbo lenye walichora mu bulongo. Wafundi wale waliitwa «wakula mukuba», sababu mukuba njo uliwalisha. Basanga walijulikana sana mu kazi hiyo.

Kama munapita njiani karibu na kilima, muulize mutoto: «Sababu gani hapa hakuna miti mikubwa?» Mwache atafute. Kisha mueleze: pahali penye mukuba mingi mu bulongo, miti mingi haiwezi kuota. Kunabaki majani na maua madogo yenye yalizoea. Kuna ua moja lenye watu wa sayansi wanaita Haumaniastrum katangense. Watafutaji wa madini walilifuata, juu kwenye linaota, mara mingi mukuba uko chini. Wankambo walisoma bulongo namna hiyo bila karatasi wala mashini.

Halafu mupe jina moja kubwa: Msiri. Watu wake, Bayeke, walitoka Unyamwezi, inchi yenye leo iko Tanzania. Walikuja kutafuta mukuba na pembe za tembo, na Msiri akajenga ufalme wake ku Bunkeya. Wafanyabiashara wake walifika pwani ya mashariki na pwani ya magaribi. Alikuwa mufalme mukali. Watu wengi waliuzishwa watumwa wakati wake, na hilo pia tusifiche. Tarehe 20 desemba 1891, afisa wa musafara wa Stairs, wenye ulitumwa na Léopold II, alimuua kwa risasi. Mwaka wenye ulifuata, Jules Cornet, Mubelgiji mwenye kujua mawe, alipita Katanga na kuandika mali yenye aliona. Toka pale inchi haikulala tena.

SHIMINI NA TERILI

Sasa mupeleke mutoto kuona shimini. Si lazima kuingia mu kiwanda. Simama tu pahali penye inaonekana, na Lubumbashi pahali pale hapakosi.

Mwambie: kompani yenye iliitwa Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mu mwaka 1906. Wakati ule, hapa palikuwa pori, muto Lubumbashi na vijiji. Mu 1910 treni ilifika kutoka kusini, upande wa Rhodesia, yenye leo ni Zambia na Zimbabwe. Mwaka uleule muji ulianza, wakauita Élisabethville, jina la malkia wa Belgike. Mu 1911 mukuba wa kwanza ulitoka mu tanuru ya Lubumbashi, na jiwe lilitoka ku mine ya Etoile, yenye wazee wanaita mpaka leo Kalukuluku. Kwa hiyo, muji haukuzaa kiwanda. Kiwanda njo kilizaa muji.

Shimini inapita metri 150. Terili nayo ni takataka ya jiwe lenye kuyeyushwa, tani kwa tani, mwaka kwa mwaka. Lakini hapa kuna fundisho. Miaka mingi watu walifikiri haina maana tena. Kisha wakajua kama ndani mulibaki kobalti na mukuba, na toka mwanzo wa miaka ya 2000 wakaanza kuirudisha ku moto kwa kutosha mali yenye ilibaki. Kwa mutoto mwenye aliisha kuambiwa ku masomo «wewe huna maana», kilima kile kinaweza kusema kitu.

Kisha muangalie muji pamoja. Muonyeshe namna ulipangwa: Wazungu katikati, Waafrika upande mwingine, na nafasi tupu ya metri mamia kati yao. Kamalondo, yenye iliitwa Cité Albert, ilijengwa upande wa Waafrika. Mutu mweusi hakuweza kutembea usiku mu muji wa Wazungu bila karatasi. Mutoto akiuliza «sababu gani?», usiruke swali. Mujibu: juu walipenda mikono yetu, lakini hawakupenda tukae nao.

Na watumishi walitoka wapi? Walitoka pande zote: Katanga yenyewe, Kasaï, Maniema, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini. Mwanzoni walikuja peke yao, wakatumika miezi michache, wengi wakagonjwa, wengi wakakufa. Karibu na mwaka 1928 kompani ikabadilisha akili: ikataka mutumishi akae na bibi yake na watoto mu kampu, akae miaka mingi. Njo wakati ule posho, hospitali ya wazazi, masomo, na mutu wa kuhesabu kila kitu mu nyumba, vyote vikapangwa. Watu wakasema kazi njo baba na mama. Kiswahili chetu hiki, chenye unasoma sasa, kilikomaa mu makampu yale, juu watu wa kabila makumi walipashwa kusikilizana ku kazi na ku bomba la maji.

USIFICHE MACHOZI

Kuna wazazi wanasema: «Mutoto ni mudogo, tumuambie tu mambo mazuri.» Mimi naona mutoto anajua mbio wakati tunamuficha kitu. Mambo machungu yasemwe kwa maneno mafupi, na bila chuki.

Muambie juu ya desemba 1941. Ilikuwa vita ya pili ya dunia. Kompani ilitaka mukuba mingi kwa ajili ya vita, bei ya vitu ilipanda, mushahara ulibaki mudogo. Watumishi wa Union Minière wakaacha kazi. Tarehe 9 desemba, mu kiwanja cha mupira cha Élisabethville, askari walipiga bunduki juu ya watumishi wenye hawakukuwa na silaha. Makumi walikufa. Kati yao kulikuwa Léonard Mpoyi, mwenye alisema kwa niaba ya wenzake. Mutoto mwenye anajua tarehe za finali zote, ajue na tarehe hii.

Muambie 30 juni 1960, siku ya uhuru, na 11 julai 1960, siku Moïse Tshombe alisema Katanga inajitenga. Mambo hayo yaliisha mu januari 1963. Katikati, tarehe 17 januari 1961, Patrice Lumumba na wenzake wawili, Mpolo na Okito, waliuawa karibu na muji wetu. Mu nyumba nyingi za Katanga, nkambo mumoja alimulilia Lumumba, nkambo mwingine alimushangilia Tshombe. Mutoto anaweza kubeba yote mbili, kama sisi wenyewe hatumulazimishe kuchagua.

Mu 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi. Mu 1967 serikali ikachukua kompani, na jina likawa baadaye Gécamines. Mu miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400.000 za mukuba kwa mwaka. Wazee wanaposema «wakati wetu», njo wakati ule wanasema. Kisha mambo yakaanguka. Mu 1990 sehemu ya mine ya Kamoto ilibomoka chini ya bulongo. Mashini zikakosa vipande, mishahara ikachelewa. Mu 1992 na 1993 majirani wakageuka maadui: jamaa nyingi zenye asili ya Kasaï zilifukuzwa ku Likasi na Kolwezi, zikalala ku gare mvua ikiwapiga, na wengi walikufa pale ao njiani. Watoto wa jamaa zile na watoto wa wale walibaki wanakaa leo ku meza moja ya masomo. Wakijua mambo yale kutoka kwa muzazi mwenye kusema kweli, hawatayajua kutoka kwa mutu mwenye kutafuta kura.

Na mu 2003 ikakuja operesheni ya «départs volontaires». Watumishi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipokea franga na kuenda. Nyumba nyingi hazisemake juu ya mwaka ule. Baba aliamuka na saa ya kazi miaka 25, kisha asubui moja akabaki anakaa mu lupangu. Wengine walinunua mashini ya kusaga, wengine taxi, wengine franga iliisha mbele ya mwaka. Wazee wengi walinyamaza juu ya haya. Lakini haya ile haikukuwa yao. Kama nkambo ya mutoto wako ni mumoja wao, mwache mutoto amuulize, si wewe. Kwa mujukuu, muzee anafungua kinywa.

BARABARA YA LIKASI NA KOLWEZI

Kama kuna franga ya safari, ao kama munaenda ku matanga ao ku ndoa, usimwache mutoto alale mu gari. Barabara ile ni buku.

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometri karibu 120. Muji wa Likasi ulizaliwa na viwanda, kama Lubumbashi. Upande wa magaribi ya Likasi kuna jina lenye dunia mzima inalijua kuliko sisi: Shinkolobwe. Mu 1915 waliona uranyumu pale. Kwanza walitosha radiyumu kwa dawa. Kisha, mu vita, Wamarekani walinunua uranyumu ya Shinkolobwe, na ile njo ilisaidia kutengeneza bomba lenye lilipigwa Hiroshima, mu Japani, mu agosti 1945. Watu wenye walibeba mawe yale na mikono yao hawakuambiwa kitu. Mu 1960 mine ilifungwa. Baadaye watu waliingia tena kutafuta kobalti, na mu julai 2004 kishimo kilibomoka, watu wakakufa. Hapa hakuna matembezi: mutoto asiende kule, na jiwe la kule lisiingie mu nyumba. Lakini jina alijue.

Kutoka pale, ongea juu ya umeme. Moto wa viwanda ulitoka mu maji. Mu 1930 kiwanda cha umeme cha Mwadingusha, ku maporomoko ya muto Lufira, kilianza kazi, na maji yenye yalizuiwa yakazaa Ziwa Tshangalele, kwenye wavuvi wanatupa nyavu mpaka leo. Kisha wakajenga Koni ku muto uleule, na Nzilo na Nseke ku muto Lualaba. Wakati umeme unakatika mu nyumba na mutoto analia juu ya televizyo, unaweza kumuambia umeme ule unatoka wapi, na kwa nani ulijengwa kwanza: kwa tanuru, si kwa ampulu ya mama yake.

Kolwezi iko karibu kilometri 300 toka Lubumbashi. Toka 2015, wakati Katanga iligawanyika mu majimbo ine, Kolwezi ni kichwa cha Lualaba. Pale mutoto ataona mashimo makubwa ya wazi, gari zenye magurudumu yanapita urefu wa papa yake, na malori yenye yanapanga mustari mpaka macho yanachoka.

Na kwa wale hawana franga ya safari ndefu, kuna Kipushi, kilometri karibu 30 toka Lubumbashi, pembeni ya mupaka wa Zambia. Pale mali haionekani juu. Mine iko chini, zaidi ya metri 1.000, ya zinki na mukuba. Ilifungwa mu 1993, watu wakaingoja miaka makumi tatu, na mu 2024 ikaanza tena kutoa zinki. Muulize mutoto: «Metri 1.000 ni mara ngapi mbali na masomo yako?» Atahesabu na miguu yake.

JIWE LA LEO

Mutoto hapendi paka zamani. Anataka kujua juu ya leo. Basi, chukua waya wa zamani wenye kukatika, utoe ngozi, umuonyeshe wekundu wa ndani: ule njo mukuba. Kisha umuonyeshe telefoni: mu batri munaweza kuwa kobalti. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia mzima, na mukuba sasa unapita tani milioni 2 kwa mwaka, mara mingi zaidi ya wakati wenye wazee wanausifu.

Pale mutoto atauliza, kama wangu aliuliza: «Sasa sababu gani mu balabala yetu hakuna maji?» Usikasirike. Ni swali la mutu mukubwa. Mimi nilimujibu kweli: jiwe linaenda mbali, na sehemu kubwa ya franga inaenda pamoja nalo, zile zinabaki, hatuoni kila mara kwenye zinapita. Mutoto mwenye kujua hivyo leo ataweza kuuliza vizuri kesho, mbele ya mutu mwenye kupashwa kujibu.

Tena kuna jambo la hatari, lenye linafanya mazungumuzo haya yasingoje. Mu 2014, ku Kasulo, mu Kolwezi, watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao wenyewe, sababu kobalti ilikuwa chini ya vyumba. Mu juni 2019, tena ku Kolwezi, bulongo ilibomoka juu ya wachimbaji wa mikono, makumi wakakufa. Sheria ya inchi inakataza mutoto kutumika mu mine, lakini sheria haikae ku mulango wa kishimo usiku. Mutoto wa miaka 12 anaona kijana wa jirani amerudi na telefoni mupya, na akili yake inaanza kutembea. Akijua namna kishimo kinakula mutu, namna vumbi linaingia mu mapafu, namna wankambo walikufa mu bulongo ile, anakuwa na neno la kujijibu. Asipojua, anabaki na ile telefoni peke yake mu macho.

Wapendwa wachimbaji, hatuandiki hivi kwa kuwazarau. Wengi wenu munashuka mu kishimo sababu hakuna kazi ingine, na franga ile njo inalipa masomo. Lakini hata wewe, mutoto wako hajui kazi yako. Anajua tu unaenda asubui, unarudi na vumbi ku kope. Muambie majina ya mawe yenye unagusa: malakiti ya kijani, kobalti nyeusi. Muambie namna unasikiliza bulongo mbele ya kuingia, na kitu gani kinakuogopesha. Atakuheshimu zaidi, na ataogopa kishimo zaidi. Yote mbili inatakiwa.

NAMNA YA KUFANYA

Si lazima kuwa profesa. Haya njo yenye tulijaribu mu nyumba yetu:

Pahali pamoja kwa mwezi, si zaidi. Mwezi huu shimini, mwezi wenye kufuata muze, kisha gare, kisha kaburi la nkambo.

Usipande juu ya terili, usiingie mu eneo la kompani bila ruhusa, usiokote mawe ovyo. Kuangalia toka balabala kunatosha.

Tafuta karatasi mu sanduku: livre ya kazi, medali ya miaka 25, picha ya papa na kofia ya mine, karatasi ya posho. Mutoto akigusa karatasi yenye jina la nkambo yake, historia inakuwa ya nyumba.

Umupe mutoto kaye moja. Aandike swali moja, aulize muzee mumoja, aandike jibu, na lugha yenye muzee anasema. Mu 1965, watu wenye walikuwa maboyi mu nyumba za Wazungu waliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chetu hiki, na mwandikaji aliitwa André Yav. Hawakungojea ruhusa ya mutu. Leo wenye masomo ya juu wa inchi mbalimbali wanaisoma. Mu miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi mzima juu ya vitambaa vya unga. Na toka mwaka 2000, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianza kukusanya ukumbusho wa watu wa muji, maneno, picha na vyombo vya nyumba. Kama wale waliweza, kaye ya mutoto wako haiko kitu kidogo.

Mwisho: fanya mbio. Wazee wenye walimwaga terili ile wanapungua kila mwaka. Muzee wa taxi-bus, hatukumuuliza jina wala lupangu. Mutoto wangu ananiuliza kila mara tunapita pale kama tutamuona tena. Sijui.

Lakini siku ya pili mutoto alichora ku kaye yake kilima cheusi, na shimini pembeni. Juu ya kilima aliweka watu wadogo wadogo, kama mistari. Nilimuuliza ni nani, nikifikiri atasema ni watoto wenye kucheza.

– Ni ba-papa wenye walikimwaga, akasema. Ule wa mwisho, ni nkambo. Tata yako.

Baba yangu hakutumika ku tanuru, alitumika ku gare. Lakini sikumurekebisha siku ile. Siku ya yenga yenye ilifuata tulienda ku gare, mimi naye, na njiani nikaanza kumueleza.